Kipindi cha nani? Kisa cha mtangazaji wa gemu aliyetaka kuacha redio Mbeya

Video ile ilikaa kwenye ukurasa wa redio kwa saa nne tu. Ilipandishwa Jumamosi mchana baada ya kipindi, na kufikia taarifa ya habari ya jioni ilikuwa imeshafutwa. Ndani yake kijana ameshika simu mpya ya bei ya wastani, anacheza eFootball, gemu ya mpira wa miguu, kwenye meza ya studio. Mechi ya kwanza inakwenda vizuri. Ya pili, wachezaji wake wanaanza kukwamakwama uwanjani kama watu waliofungwa kamba miguuni. Anaigeuza simu, anaiweka mgongo shavuni, anaitoa haraka. "Hii," anasema, "kwa baridi ya Juni hapa Mbeya inafaa kuotea moto. Kwa gemu, hapana."

Duka linalouza simu hizo lilikuwa linalipia matangazo ya kipindi cha asubuhi.

Jumatatu akaitwa ofisini. Hakufukuzwa wala hakukaripiwa. Aliambiwa tu kwamba kuanzia sasa, chochote kinachogusa bidhaa ya mteja kipite kwanza kwa mtu wa masoko. Jumanne jioni alikuwa kwangu, mtaa wa Forest, koti limefungwa hadi kidevuni, kaunta buku kwapani.

"Shikamoo dada. Nimekuja unisaidie kuandika barua ya kuacha kazi."

Naandika kisa hiki kwa ruhusa yake, kwa sharti kwamba jina lake, la redio na la duka yasionekane. Mbeya watu tunakutana, anayejua atajua. Na niseme mapema kwamba mimi si mtu baki. Nimetayarisha vipindi vya redio kwa miaka 11, Iringa kwanza kisha Mbeya, nikatoka, na sasa naishi kwa kurekodi harusi na kufundisha vijana kuhariri sauti. Mtu wa namna hiyo akiulizwa "nitoke?", jibu lake lina historia ndani yake.

Nikisema gemu nasema zile za PlayStation, kompyuta na simu. Inabidi nifafanue kwa sababu kwenye chumba chochote cha habari cha huku "michezo" ni Simba, Yanga, Mbeya City na Prisons, na "michezo ya kubahatisha" ni jambo lingine kabisa, lenye bodi yake na sheria zake. Kijana huyu amewahi kupiga simu sehemu kuulizia utaratibu wa mashindano ya gemu, akaunganishwa na mtu aliyeanza kumweleza masharti ya mashine za kubeti. Tulicheka, lakini ndivyo kazi yake inavyoonekana na watu wengi: ya kitoto au ya kamari.

Alianza redioni kama wa kujitolea akiwa bado chuo. Mwaka wa pili akaanza kupewa shilingi 280,000 kwa mwezi, mkononi. Hakuna mkataba wa maandishi, hakuna michango ya NSSF, na bima ya afya hakuna. Simu ya kurekodia ilikuwa yake. Bando lilikuwa lake, laptopu ya kuhariria ya kaka yake. PlayStation aliazima kwa mwenye kibanda cha gemu Mwanjelwa, na kulipa kwa kumtaja hewani.

Kibanda hicho nilikwenda kukiona, maana nilitaka kujua wasikilizaji wake ni nani hasa. Kiko nyuma ya maduka ya mitumba: chumba kimoja cha bati, televisheni tatu, mabenchi ya mbao yaliyolainika kwa kukaliwa. Pedi moja ya kuchezea gemu imefungwa kwa gundi ya umeme ya rangi nyekundu, na watoto wanaigombania hiyo hiyo kwa sababu kitufe chake cha kupiga mpira hakijachoka. Mechi moja 500. Ukutani kuna karatasi imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: ANAYEVAA SARE YA SHULE HACHEZI. Chini yake walikuwa wamekaa wavulana wawili, sweta za shule wamezigeuza nje ndani. Redio ya mwenye kibanda ilikuwa imewekwa kwenye stesheni ya kijana wetu, na ilipofika saa ya kipindi chake hakuna aliyenyamazisha gemu ili asikilize. Walipunguza sauti kidogo.

Nililiandika hilo. Nitarudi kwalo.

Kwenye kaunta buku alikuwa amekuja na ushahidi kutoka ng'ambo, ameunakili kwa mkono kama mtu anayejiandaa na mtihani. Wa kwanza ni Jeff Gerstmann, mhariri wa GameSpot, tovuti ya gemu ya Marekani. Novemba 2007 aliipa gemu iitwayo Kane & Lynch alama 6 kati ya 10, wakati ambapo tovuti nzima ilikuwa imepambwa kwa matangazo ya gemu hiyo hiyo. Akaachishwa kazi. Makubaliano yalimfunga mdomo hadi 2012, ndipo akaeleza hadharani kwamba uongozi mpya haukuhimili shinikizo la wenye matangazo. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha tovuti yao ya gemu, Giant Bomb.

"Unaona dada? Ni kama ile simu yangu iliyochemka. Mimi na yeye ni kisa kimoja."

Alikisimulia kama anasimulia habari za mjomba wake. Nikamwambia asome mpaka mwisho, maana kisa cha Giant Bomb hakiishii mtu alipotoka. Mwaka 2012 iliuzwa kwa CBS Interactive, yaani kampuni ile ile iliyokuwa inaimiliki GameSpot. Baadaye ikaingia mikononi mwa Red Ventures, kisha mwaka 2022 ikaenda kwa Fandom. Gerstmann mwenyewe aliondoka mwaka huo huo wa 2022, akaenda kufanya kipindi chake peke yake kwa michango ya wasikilizaji. Ni Mei 2025 ndipo wafanyakazi wawili wa Giant Bomb, Jeff Grubb na Jeff Bakalar, walipoinunua ikawa mali ya wanaoifanyia kazi. Miaka 17 tangu siku ya kuanzishwa. Na Gerstmann alipotolewa GameSpot hakuwa mgeni: alikuwa amekaa pale tangu miaka ya 1990, watu wanamjua kwa sauti na kwa mizaha yake. Alibeba umati.

Kisa cha pili alikuwa amekiandika kwa mistari miwili tu, na hicho ndicho nilichomlazimisha akisome mara mbili. Novemba 2023 kampuni iliyokuwa inaimiliki The Escapist, tovuti nyingine ya gemu, ilimfukuza mhariri mkuu, Nick Calandra. Timu ya video ikaacha kazi kumfuata, akiwemo Yahtzee Croshaw, ambaye mfululizo wake wa uchambuzi wa gemu, Zero Punctuation, ulikuwa umeshatimiza zaidi ya miaka 15. Wakaanzisha chaneli yao, Second Wind. Sauti iliondoka na mwenyewe. Jina lilibaki kwa mwajiri. Croshaw akaendelea na kazi ile ile, kasi ile ile, kwa jina jipya, Fully Ramblomatic, na watazamaji walimfuata kwa sababu hakuna anayeweza kuichanganya sauti hiyo na nyingine.

Nikamuuliza: "Jina la kipindi chako ni la nani?"

"Nililitunga mimi."

"Sijauliza nani alilitunga."

Akanyamaza, akachora duara kuzunguka neno "jina" mara tatu nne.

Cha tatu nilimwongezea mwenyewe, cha Game Informer, jarida lililoanza 1991. Agosti 2024 mwenye mali, maduka ya GameStop, alilifunga siku moja, na tovuti nzima ikageuka ujumbe mmoja wa kuaga. Waandishi walioandika pale miaka na miaka waliamka asubuhi hawana hata kiungo cha kumwonyesha mtu kazi zao. Jarida lilifufuliwa mwaka 2025 chini ya mwenye mali mwingine, lakini asubuhi ile haikuwa na habari ya kufufuka. Kwa hiyo kazi ya kwanza niliyompa kijana, kabla ya barua yoyote, ilikuwa kupakua kila alichowahi kurekodi. Alitumia siku tatu na bando la jirani.

Kurasa mbili za katikati ya kaunta buku ndizo tulizozigombania hadi saa 5 usiku. Kushoto NIKIBAKI, kulia NIKITOKA. Chini ya NIKITOKA alikuwa ameweka: YouTube 150,000, mdhamini 400,000, mashindano 120,000, video za harusi 100,000. Jumla ilikuwa imepigiwa mstari mara mbili, kwa rula.

YouTube niliifuta mimi. Ili chaneli ianze kugawiwa mapato ya matangazo inatakiwa iwe na watu 1,000 waliojiunga na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Chaneli yake binafsi ilikuwa na watu 212. Miaka yake mitatu ya kazi ilikuwa imejenga ukurasa wa redio. Hata ukishavuka hapo, Google hailipi mpaka salio lifike dola 100, na tangazo linaloonwa na mtazamaji wa Mbeya haliuzwi kwa bei ya tangazo linaloonwa na mtazamaji wa Chicago. Mwenzake wa Marekani anatumia Patreon, mtandao wa kumchangia mtengeneza maudhui: msikilizaji anaunganisha kadi ya benki, pesa inakatwa kila mwezi bila mtu kukumbushana. Msikilizaji wa Mwanjelwa hana kadi; ana M-Pesa, na kila shilingi inayotoka anaitoa kwa kidole chake mwenyewe.

Wengi huishia hapo na kusema Watanzania hawalipii maudhui. Sikubali. Mimi naishi kwa harusi. Nimeona kamati za harusi zikikusanya mamilioni kwenye kundi la WhatsApp kwa orodha ya majina tu: huyu kaahidi, huyu katoa, huyu kapunguza deni. Huo ni mchango wa mwezi kwa mwezi wenye mwenyekiti na mhazini. Watu wanachanga wanapojua sherehe watakuwepo na jina lao litasomwa. Na wavulana wale wenye sweta zilizogeuzwa walitoa 500 mara nne mbele ya macho yangu. Pesa ipo, ila haiendi kwenye kusikiliza. Inakwenda kwenye kucheza na kuonekana. Ndiyo maana kibandani walipunguza sauti tu, hawakunyamaza.

Kwa hiyo mstari wa mashindano, ambao yeye aliuweka wa tatu kwa unyonge, mimi niliuona ndio wenye mizizi. Mstari wa mdhamini ndio ulionitia shaka.

"Ni nani huyu wa laki nne?"

"Kampuni ya kubeti. Wameshanitafuta."

Nikamwangalia. "Unaacha kazi kwa sababu hukuruhusiwa kusema simu inachemka, halafu unaenda kuwaambia watoto wa kidato cha pili wabeti?"

"Dada, redio yenyewe inaishi kwa hao hao."

Kweli. Sikuwa na jibu la haraka, nikainuka kwenda kuchemsha maji. Niliporudi na chai alikuwa ameshaukata ule mstari kwa kalamu, mara moja, ukisomeka bado. Sikusema kitu.

Lililonisumbua usiku ule, hata baada ya yeye kuondoka na bajaji ya mwisho, ni jingine. Redio kubwa au tovuti kubwa, kwa ubaya wake wote, ina watu wawili tofauti: anayeongea na mwenye duka, na anayeongea na msikilizaji. Kati yao unatakiwa uwepo ukuta. Kisa cha Gerstmann kilitikisa watu kwa sababu ukuta ulibomoka, na kisa cha kijana wetu ni hicho hicho kwa kiwango cha Mbeya. Lakini anayetoka peke yake hahami na ukuta. Anaupoteza. Yeye ndiye mtu wa masoko, yeye ndiye mchambuzi, na mwenye duka anapiga simu moja kwa moja kwenye namba yake. Wenzetu wa ng'ambo waliofanikiwa wameziba pengo hilo kwa pesa ya wasikilizaji: watano walioanzisha tovuti ya Aftermath Novemba 2023, wengi wao wametoka tovuti ya gemu ya Kotaku, waliamua tangu siku ya kwanza kwamba msomaji anayelipia ndiye tegemeo lao. Ukuta wao ni huyo msomaji. Kijana wetu angetoka akiwa na daftari ambalo nusu ya mapato yake ni mtu mmoja mwenye nembo.

Na mji wenyewe ni mdogo. Kutoka Kabwe hadi Mafiat unaweza kuhesabu kwa vidole wanaoweza kulipia tangazo, na wote wanajuana.

Ushauri wangu basi ulikuwa huu. Asitoke mwezi ule. Akae miezi sita, afanye mashindano ya kila mwezi pale kibandani kwa jina lake mwenyewe, nje ya saa za redio, kiingilio kiende kwenye Lipa Namba yake, arekodi kila fainali na kuiweka kwenye chaneli yake ya watu 212. Aombe redio impe makubaliano ya maandishi, yakitaja jina la kipindi ni la nani na kazi alizorekodi kwa simu yake ni za nani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi, kwa hiyo haombi hisani. Na apite ofisi ya kanda ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hapa hapa mjini aulize kwa mdomo wake maudhui ya gemu yanaangukia kundi gani la leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka mwaka 2018 ada za kuanzia zilipita shilingi milioni mbili kwa jumla, zimebadilishwa tangu hapo, na hakuna haja ya kuishi kwa hofu ya stori za vijiweni wakati ofisi ipo.

La makubaliano alilifanya kesho yake. Meneja alimsikiliza vizuri, nasikia hata soda aliletewa, kisha akamjibu kwa sentensi moja: "Kipindi ni cha redio, sura ni yako."

Kwa mtazamo wangu lilikuwa jibu la haki. Gumu, lakini la haki, na limesemwa wazi kuliko mikataba mingi niliyowahi kutia saini. Yeye alilisikia kama tusi. Aliandika barua mwenyewe, akatoa notisi ya siku 28 kama mfanyakazi wa mwezi anavyotakiwa, ingawa hajawahi kupewa karatasi yoyote inayosema ni mfanyakazi wa mwezi. Miezi yangu sita ikawa siku 28.

Nilikosea jambo moja. Niliamini atakapopoteza jina la kipindi atapoteza nusu ya watu. Redio ilimweka mtangazaji mwingine, kwa jina lile lile, saa ile ile. Mimi nikaenda tena kibandani Mwanjelwa kusikiliza watu wanasemaje, na nikagundua kwamba wale vijana hawakuwahi kulijua jina la kipindi. Walikuwa wanaita "gemu ya Jumamosi". Mashindano yake ya kwanza aliyafanya Jumamosi, wakaja 32, wengine kutoka Uyole na Iyunga, na wakayaita "gemu ya Jumamosi". Umeme ulikatika robo fainali, wakasubiri. Kwa hili Croshaw na yeye kweli ni kisa kimoja.

Sikukosea kuhusu pesa. Mwezi wa nne alikuwa anaingiza pungufu ya zile 280,000, na sehemu kubwa ya hiyo ilitoka kwangu, kwa kushika kamera kwenye harusi. Alipeleka mashindano Iringa mara moja, kwa wanafunzi wa vyuo pale Kihesa. Ukumbi ulijaa, na nauli ya basi na kukodi televisheni vikala kiingilio chote. Mamake anamuuliza kila Jumapili kama redio hawajampigia. Chaneli imefika watu 870. Kampuni ya kubeti imempigia mara mbili na bado mstari ule umekatwa, ingawa naona kila akifungua ukurasa huo jicho lake linapita hapo kwanza.

Wiki iliyopita alikuja Forest tena, kaunta buku ile ile, sasa limevimba kwa risiti. Alikuwa amepigiwa simu na mwenye duka la simu. Si kwa ugomvi. Alimsalimia vizuri, akamwita "mwanangu", akasema aliiona ile video kabla haijafutwa na alicheka sana. Sasa ameleta toleo jipya, halichemki, angependa lichezewe kwenye fainali ya mwezi ujao, na yuko tayari kulipa. Amuambie tu ni shilingi ngapi.

"Umemjibu nini?"

Akafungua ukurasa wa Julai. Alikuwa ameandika jina la duka kwa mwandiko mzuri, akapiga mstari wa kiasi mbele yake. Chini, kwa kalamu nyingine, ameandika: simu ije siku saba kabla, niicheze kwanza. Halafu akalifuta hilo, akaliandika tena.

Sehemu ya kiasi ilikuwa bado tupu. Akanisogezea kalamu, na mimi nikamrudishia.